Gettysburg Peke Yake Haikuvunja Kusini

Ukitaja vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, vile vya 1861 hadi 1865 kati ya Kaskazini na majimbo ya Kusini yaliyojitenga, mtu atakutajia mapigano ya Gettysburg kabla hujamaliza sentensi. Ni kweli damu nyingi ilimwagika pale kuliko katika mapigano mengine yoyote ya vita vile. Lakini jeshi la Robert E. Lee, jenerali wa Kusini, liliondoka likichechemea, likarudi Virginia, na likapigana kwa miezi 21 zaidi. Idadi ya maiti haitakuonyesha vita viligeukia wapi. Uliza hivi: ni jambo gani ambalo upande mmoja uliliweza jana na leo hauliwezi tena? Kupitisha chakula, kupata askari, kushinda uchaguzi. Na kwa Kusini kulikuwa na jambo moja lililobeba mengine yote, nalo ni kazi ya watumwa. Kila kazi hiyo ilipohama upande, mizani ya vita ilihama nayo.

Hesabu zenyewe zinaeleza mengi. Sensa ya 1860 ilikuta Marekani ina watu wapatao milioni 31.4, na karibu milioni 4 kati yao walikuwa watumwa. Majimbo 11 yaliyojitenga yalikuwa na watu milioni 9 hivi, watumwa wakiwa milioni 3.5. Wakubwa wa Kusini waliihesabu hali hiyo kuwa nguvu: Wazungu waende vitani, huku shamba linalimwa, mahandaki yanachimbwa, reli zinatengenezwa na watu wasiolipwa. Hesabu hiyo ilikuwa na tundu moja. Ilitaka watumwa watulie mahali walipo, na ilitaka mtu wa kuwachunga. Ndiyo maana Oktoba 1862, miezi michache tu baada ya kuanza kulazimisha watu kuingia jeshini, Kusini ikatunga sheria ya kumwachia Mzungu mmoja abaki nyumbani kwa kila shamba lenye watumwa 20 au zaidi. Wakulima maskini, ambao hawakuwa na mtumwa hata mmoja, walinung'unika kwamba vita ni vya matajiri na wanaokufa ni wao.

Tundu hilo lilianza kupanuka mapema kuliko watu wengi wanavyodhani. Usiku wa tarehe 23 Mei 1861, siku ileile wapiga kura wa Virginia walipoidhinisha kujitenga, watumwa watatu walipiga makasia hadi Ngome ya Monroe, iliyokuwa bado mikononi mwa Kaskazini. Majina yao ni Frank Baker, Shepard Mallory na James Townsend. Walikuwa wamepelekwa kuwajengea waasi ngome ya mizinga ng'ambo ya maji. Kesho yake afisa wa Kusini akaja na bendera nyeupe kuwadai, akitegemea sheria ya Marekani iliyotaka mtumwa mtoro arudishwe kwa mwenyewe. Kamanda wa ngome, Benjamin Butler, alikuwa wakili kabla ya kuwa jenerali, na jibu lake lilikuwa la kiwakili kweli. Virginia inasema ni nchi nyingine. Basi sheria ya Marekani haiidai Marekani kitu kwa nchi nyingine. Na kama watu hawa ni mali, kama mnavyosema, basi ni mali inayotumika vitani dhidi yangu, na mali ya namna hiyo hutwaliwa.

Tazama kilichotokea hapo. Butler hakusema watu wale ni huru. Alitumia hoja ya mabwana wenyewe, kwamba mtu ni mali, akaigeuza iwaumize. Mwisho wa Julai alikuwa na watu wapatao 900, wanawake na watoto wakiwemo. Agosti Bunge likapitisha sheria ya kutwaa watumwa waliotumiwa kwa kazi za kijeshi za waasi. Machi 1862 maafisa wa jeshi wakakatazwa kuwarudisha watoro. Julai 1862 ikaja sheria pana zaidi. Kila hatua ilikuja kwa sababu watu walikuwa wameshafika langoni na afisa fulani alilazimika kuamua awafanyeje. Anayesema Rais Abraham Lincoln aliamka siku moja akawapa watumwa uhuru ameruka miezi 16 ya watu waliojitoa wenyewe.

Mwanzoni mwa 1862 kulikuwa na ushindi mwingine usiosimuliwa sana. Februari, Ulysses Grant, jenerali wa Kaskazini, aliteka ngome za Henry na Donelson, na kwa hizo mbili mito ya Tennessee na Cumberland ikawa barabara za Kaskazini. Nashville ikaanguka mwezi huohuo. Mwishoni mwa Aprili New Orleans, mji mkubwa kuliko yote ya Kusini, ukatekwa kutokea baharini. Mashariki, ambako waandishi wa magazeti walikuwa wengi, Kaskazini ilikuwa ikichapwa, na ndiyo sababu habari hizi hufunikwa.

Septemba 1862 Lee alivuka mto Potomac kuingia Maryland. Tarehe 13, askari wa Indiana waliopumzika shambani karibu na mji wa Frederick waliokota bahasha. Ndani yake mlikuwa na biri tatu zilizofungwa kwa karatasi. Karatasi hiyo ilikuwa Amri Maalumu namba 191, mpango mzima wa Lee, ukionyesha kwamba amegawa jeshi lake vipande vilivyo mbali mbali. Kamanda wa Kaskazini, George McClellan, hakupata kupewa zawadi kama hiyo tena. Akangoja hadi kesho yake ndipo majeshi yake yakaondoka.

Mapigano yenyewe, Antietam, tarehe 17, ni somo la jinsi ya kuwa na watu wengi na usishinde sawasawa. McClellan alishambulia kwa zamu: asubuhi upande wa kaskazini kwenye shamba la mahindi, katikati ya mchana kwenye barabara iliyobonyea, alasiri kwenye daraja upande wa kusini. Kila zamu ilipoanza, ile ya kabla yake ilikuwa imepoa, kwa hiyo Lee alihamisha watu wale wale kutoka shimo moja kuziba jingine. Maelfu ya askari wa akiba wa McClellan hawakutumika kabisa. Na upande wa daraja ulipokaribia kuvunjika, divisheni ya Kusini ya A. P. Hill ikafika kutoka Harpers Ferry, mwendo wa kilomita 27 hivi kwa miguu siku hiyo hiyo, ikaziba. Siku moja, waliouawa, waliojeruhiwa na waliopotea walikuwa karibu 23,000. Lee akarudi ng'ambo ya mto usiku wa tarehe 18 na hakuna aliyemkimbiza kwa dhati.

Kijeshi, basi, ni sare iliyoegemea Kaskazini. Lakini Lincoln alikuwa akiingoja sare ya namna hiyo. Tangu tarehe 22 Julai alikuwa amewaambia mawaziri wake kwamba atatangaza uhuru wa watumwa wa waasi, na waziri wa mambo ya nje, William Seward, akamshauri asubiri ushindi, maana tangazo likitoka wakati wa kushindwa litaonekana kama kilio cha mtu anayezama. Siku tano baada ya Antietam tangazo la awali likatoka: majimbo yatakayokuwa bado katika uasi ifikapo Januari Mosi 1863, watumwa wake watakuwa huru.

Tangazo hilo husemwa vibaya na watu wa pande zote, na nusu ya lawama zinatokana na kutolisoma. Ni kweli halikugusa Delaware, Maryland, Kentucky wala Missouri, majimbo manne yenye watumwa yaliyobaki upande wa Muungano, yaani Kaskazini. Liliacha pia Tennessee nzima na sehemu za Louisiana na Virginia zilizokuwa tayari chini ya jeshi la Kaskazini. Sababu ni ya kisheria. Rais hakuwa na mamlaka ya kufuta utumwa wakati wa amani. Alichokuwa nacho ni mamlaka ya amiri jeshi kumnyang'anya adui silaha zake. Mahali pasipo na adui, mamlaka hayo hayafiki. Ila kwa kuandikwa hivyo, kila kilomita ambayo jeshi lilisonga mbele kuanzia Januari iligeuka kuwa kilomita ya watu huru, na hakimu wala mwenye shamba hakuulizwa.

Ng'ambo ya bahari nako mambo yalikuwa yakipimwa. Kusini iliitegemea pamba yake: viwanda vya Uingereza vikikosa pamba, waliamini, serikali ya Uingereza itakuja kuwatambua. Novemba 1862 Napoleon III wa Ufaransa alipendekeza mataifa ya Ulaya yaingilie kati kupatanisha. Baraza la mawaziri la Uingereza likakataa. Baada ya vita kuwa waziwazi juu ya utumwa, kuiunga mkono Kusini kukawa mzigo ambao mwanasiasa wa London hakutaka kuonekana nao.

Halafu kuna askari. Tangazo la Januari lilifungua rasmi mlango wa watu weusi kuingia jeshini, na hadi vita vinakwisha wapatao 179,000 walikuwa wamepita katika jeshi la nchi kavu, na wengine karibu 19,000 katika jeshi la majini. Wengi walitoka majimbo ya utumwa. Kwa hiyo kila mmoja wao ni wa kuhesabiwa mara mbili: mkono mmoja uliotoka shambani kwa adui, bunduki moja iliyoongezeka kwako. Mshahara ulikuwa fedheha. Askari Mzungu alilipwa dola 13 kwa mwezi. Mweusi aliandikiwa 10, zikakatwa 3 za nguo, mkononi zikabaki 7. Kikosi cha 54 cha Massachusetts, kilekile kilichoivamia Ngome ya Wagner Julai 1863, kilikataa kupokea chochote kuliko kupokea pungufu. Bunge lilisawazisha Juni 1864.

Askari hao walivuruga jambo jingine pia. Tangu Julai 1862 pande mbili zilikuwa na mkataba wa kubadilishana mateka. Kusini ilipokataa kumtendea askari mweusi kama mateka wa vita, ikitaka kumrudisha utumwani, mkataba ukavunjika mwaka 1863. Kaskazini ilikuwa na watu wa kujazia nafasi. Kusini haikuwa nao. Mateka wa pande zote wakafa kambini kwa maelfu, ila kwa hesabu baridi ya vita, aliyeumia zaidi ni yule aliyekataa.

Sasa tufike Julai 1863, na kwangu mji wa mwezi huo ni Vicksburg.

Vicksburg ulikaa juu ya genge, kwenye kona kali ya mto Mississippi, mizinga ikitazama maji. Grant alijaribu kuufikia karibu miezi sita akishindwa. Ghala lake la chakula la Holly Springs lilichomwa Desemba 1862. William Sherman, jenerali aliyekuwa chini yake, akarudishwa na matope na risasi huko Chickasaw Bayou. Mfereji waliouchimba kukwepa kona ya mto haukufaa kitu. Vijito walivyojaribu kupita kwa boti vilizibwa na miti. Mwishowe akateremsha jeshi kwa miguu upande wa magharibi wa mto, na usiku wa Aprili 16 meli za David Porter zikapita mbele ya mizinga ya mji. Ubavuni zilifungwa marobota ya pamba na majani makavu kama ngao, na matishali ya makaa ya mawe yakafungwa pembeni. Ilizama moja tu.

Pa kuvukia palitoka kwa mtu asiyejulikana jina. Grant mwenyewe aliandika baadaye kwamba ni mtu mweusi aliyemwambia ukingo wa Bruinsburg ni mzuri na una barabara imara hadi Port Gibson. Aprili 30 jeshi likavuka hapo. Kuanzia Mei Mosi hadi Mei 17 Grant alipigana mara tano na kushinda mara tano. Badala ya kuuendea Vicksburg moja kwa moja, alikwenda kwanza mashariki kuteka Jackson, makutano ya reli, ili mji usipate msaada kwa nyuma. Kisha ndipo akageuka. Chakula kingi alikichukua njiani, katika mashamba. Mei 19 na 22 alijaribu kuuvamia mji akapoteza watu wengi bure, akaamua kuuzingira. Siku 47. Wakazi walijichimbia mapango, askari wakala nyama ya nyumbu na mkate wa unga wa njegere, na tarehe 4 Julai kamanda wa mji, John Pemberton, akasalimu amri akiwa na watu wapatao 29,500 na mizinga 172. Grant aliwaachia kwa kiapo cha kutopigana hadi wabadilishwe; kuwasafirisha wote kaskazini kungemmalizia meli. Siku tano baadaye Port Hudson, ngome ya Kusini kwenye mto huohuo, nayo ikaanguka, na Texas, Arkansas na magharibi ya Louisiana, pamoja na ng'ombe wake na bidhaa zilizoingia kupitia Mexico, zikakatwa na Kusini nyingine. Hicho ndicho kitu kilichowezekana jana na leo hakiwezekani.

Gettysburg, siku hizohizo, ilimwondolea Lee karibu theluthi ya jeshi lake na uwezo wa kuvamia tena kwa nguvu ile. Si haba. Shambulio la mwisho, Julai 3, lilikufa kwa sababu za kiufundi kabisa. Mizinga kama 150 ya Kusini ilipiga tangu saa saba mchana, lakini moshi ulifunika shabaha, na makombora mengi yakapita juu ya vichwa vya askari wa mbele na kuangukia nyuma. Mkuu wa mizinga wa Kaskazini, Henry Hunt, akaamuru yake inyamaze kuokoa risasi. Wa Kusini wakadhani imevunjwa. Watu wapatao 12,500 wakatembea zaidi ya kilomita moja uwanjani, wakakwama kwenye uzio wa barabara ya Emmitsburg, na karibu nusu wakapotea. Jambo moja watalii wengi hawalisikii: njiani kwenda huko, jeshi la Lee lilikamata watu weusi wa Pennsylvania, wakiwemo waliozaliwa huru, likawapeleka Kusini utumwani.

Geuko la mwisho lilikuwa la kura, na lilikaribia sana kwenda upande mwingine. Mei 1864 Grant, sasa mkuu wa majeshi yote, alipigana na Lee katika msitu wa Wilderness akaumizwa. Makamanda waliomtangulia wangerudi nyuma kupumzika. Yeye akaelekeza jeshi kusini. Baada ya wiki sita jeshi lake lilikuwa limepoteza kama watu 55,000 na limekwama mbele ya Petersburg.

Huko Petersburg ndiko lilikotokea lile la tarehe 30 Julai, na inafaa kulitazama kwa karibu. Wachimba makaa ya mawe wa kikosi cha 48 cha Pennsylvania walichimba njia ya chini kwa chini ya mita 155 hivi hadi chini ya ngome ya waasi, wakaweka baruti ya kilo 3,600. Divisheni ya askari weusi ilikuwa imefanyishwa mazoezi ya kuongoza: baada ya mlipuko, zungukeni shimo, msiingie ndani. Siku moja kabla, wakubwa wakabadilisha, wakiogopa kuambiwa wamewatoa weusi kafara mambo yakiharibika. Divisheni mbadala ikachaguliwa kwa kupigiwa kura ya bahati nasibu, ikaangukia ya James Ledlie, ambaye alibaki nyuma handakini akinywa. Utambi ulikuwa umeungwa vipande. Ukazima kwenye kiungo, watu wawili wakajitolea kuingia kuuwasha upya. Mlipuko ukatoka saa kumi na dakika 44 alfajiri. Askari ambao hawakufundishwa wakaingia shimoni na kujazana humo, kuta zikiwa za udongo tifutifu zisizopandika, waasi wakawapiga kutoka juu. Askari weusi wakatumwa baadaye, mambo yakiwa yameshaharibika, na wengi waliosalimu amri wakauawa. Kaskazini ilipoteza watu 3,800 hivi.

Katika hali hiyo, Agosti 23, Lincoln aliandika karatasi akisema yaelekea hatachaguliwa tena, akaikunja, akawataka mawaziri waitie sahihi mgongoni bila kuisoma. Chama cha Democratic kikamsimamisha McClellan, yule wa Antietam, juu ya ilani ya kusimamisha vita. Siku hizohizo Sherman alikata reli ya mwisho iliyoilisha Atlanta, kule Jonesborough, na Septemba 2 mji ukaanguka. Novemba 8 Lincoln alipata kura 212 za wajumbe wanaomchagua rais dhidi ya 21, na zaidi ya robo tatu ya kura za askari zilikuwa zake. Ungeichelewesha Atlanta miezi mitatu, ningeogopa kutabiri.

Sherman alivyoharibu reli kutoka hapo hadi baharini nako kuna ujuzi wake. Mataruma yaling'olewa, yakarundikwa na kuwashwa moto, reli zikawekwa juu yake zikolee katikati, kisha zikazungushwa kwenye mti. Reli iliyopinda tu hunyooshwa ikatumika tena. Iliyosokotwa sharti irudi kiwandani iviringishwe upya, na viwanda vya namna hiyo Kusini vilihesabika kwa vidole. Watumwa walilifuata jeshi hilo kwa maelfu.

Machi 13, 1865, Bunge la Kusini likapitisha sheria ya kuwapa watumwa bunduki. Howell Cobb, jenerali wa Georgia, alikuwa amekwisha kuonya Januari kwamba watumwa wakiwa askari wazuri, basi nadharia yao yote ya utumwa ni makosa. Kampuni chache zilianza gwaride Richmond, mji mkuu wa Kusini. Mji ukaanguka Aprili 3, na Lee akasalimu amri Aprili 9.

Utumwa wenyewe haukufa siku hiyo. Tangazo la Lincoln lilikuwa la kivita, na mahakama ingeweza kulitilia shaka vita vikiisha, kwa hiyo Marekebisho ya 13 ya Katiba ndiyo yaliyofunga mlango. Seneti ilipitisha Aprili 1864. Baraza la Wawakilishi likashindwa mara ya kwanza, likapitisha Januari 31, 1865, kwa kura 119 dhidi ya 56. Yalihitajika majimbo 27 kati ya 36, na Georgia ikawa la 27 tarehe 6 Desemba 1865. Maryland na Missouri zilikuwa zimekwisha kufuta utumwa zenyewe. Kentucky na Delaware, zilizobaki upande wa Muungano na ambazo tangazo halikuzigusa, zilikataa kuyaidhinisha marekebisho hayo, na ndiko watumwa walikokuwa bado wakimilikiwa kisheria hadi mwezi huo.